Fungu la Tatu: Uhakiki wa Lugha ya Hesabu za Maradhi ya Kuambukiza

I

Mwaka 1927, katika kumbukumbu za Royal Society ya London, yalichapishwa makala ya kurasa 22 yaliyoandikwa na watu wawili wa Edinburgh, William Ogilvy Kermack na Anderson Gray McKendrick. Jina la makala hayo, likifasiriwa kwa lugha yetu, ni mchango katika nadharia ya hesabu ya milipuko ya maradhi. Tangu siku hizo yamekuwa shina la elimu kubwa. Kila atakaye kujua jinsi surua, homa ya mafua au maradhi mengine ya kuambukiza yaeneavyo katika mji huanza kwa kuwagawa watu wa mji huo katika mafungu, kisha hutazama jinsi watu wahamavyo kutoka fungu hili kwenda lile, kwa mwendo gani na kwa sababu gani. Makala hayo yamekwisha kuhakikiwa na wanahisabati, na kadhalika na matabibu. Mimi si mmoja wao. Nakusudia kuyatazama kwa upande ulio wangu, upande wa lugha, na swali langu ni moja: maneno yanayozibeba hesabu hizi yanasema nini, na yatasema nini yakitiwa katika Kiswahili?

Yamkini msomaji atanikatiza hapa na kusema kuwa hesabu haina lugha, kwamba mbili na mbili ni nne kwa Mwingereza kama ilivyo nne kwa Mswahili. Ni kweli. Lakini kabla ya kuhesabu hapana budi kutaja kinachohesabiwa. Aliyeandika herufi x amekwisha kuamua ni nani aingie katika x na nani abaki nje. Uamuzi huo haukufanywa na hesabu. Ulifanywa na neno. Na neno likishafanya kazi yake hujificha nyuma ya herufi, likaheshimiwa kwa heshima isiyo yake.

II

Yafaa kwanza kueleza kwa ufupi nadharia yenyewe na waliotangulia.

Kugawa watu kwa ajili ya kuhesabu maradhi kulianza zamani. Daniel Bernoulli aliyapeleka mahesabu yake ya ndui mbele ya Chuo cha Sayansi cha Paris mwaka 1760. Aliwatenga wale ambao ndui haijawapata na wale iliowapata wakapona, naye akakadiria kuwa lau ndui ingeondolewa kabisa, wastani wa maisha ya mtu ungepanda kutoka miaka 26 na miezi 7 hadi miaka 29 na miezi 9. Kwa hesabu hiyo alitaka kuwashawishi watu wakubali kuchanjwa kwa usaha wa ndui yenyewe, jambo lililokuwa na hatari yake. D'Alembert alimpinga mwaka ule ule. Hakusema kuwa hesabu ina makosa ya kujumlisha. Alisema kuwa miaka ya ziada ijayo mwisho wa maisha haina uzito sawa na hatari ya kufa ndani ya mwezi huu. Wastani ni wa watu wote, na hatari ni ya mtu mmoja. Twaona basi kuwa uhakiki wa hesabu hizi una umri sawa na hesabu zenyewe.

Baadaye alikuja Ronald Ross, yule aliyethibitisha kuwa malaria huchukuliwa na mbu. Katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya kuzuia malaria alionyesha kwa hesabu kuwa si lazima kuua mbu wote wa mahali ili malaria iishe. Yatosha wapunguzwe mpaka chini ya kadiri fulani. McKendrick alikuwa amefuatana na Ross huko Sierra Leone mwaka 1901, naye alitumikia muda mrefu katika idara ya matabibu ya India kabla ya kupewa usimamizi wa maabara ya Chuo cha Kifalme cha Matabibu mjini Edinburgh. Kermack alikuwa mwanakemia wa maabara hiyo hiyo. Mwaka 1924 alipatwa na ajali kazini akapofuka, na kazi hii ya 1927 aliifanya pasipo kuona hata herufi moja ya milinganyo yake.

Swali lao lilikuwa hili: mlipuko wa maradhi huisha kwa nini? Wengi walidhani kuna njia mbili tu. Ama wale wawezao kupatwa wamekwisha wote, ama kijidudu cha maradhi kimepungukiwa na ukali. Kermack na McKendrick walionyesha njia ya tatu. Waliwapa herufi x watu wawezao kupatwa, herufi y wagonjwa, na herufi z wale waliokwisha kutoka katika ugonjwa kwa kupona au kwa kufa. Idadi ya wapatwao kila siku huifuata x ikizidishwa kwa y, maana ili maradhi yapite lazima mtu wa fungu la kwanza akutane na mtu wa fungu la pili. Idadi ya watokao huifuata y peke yake.

Tuchukue mfano wa kijiji cha watu 1,000. Tuseme mgonjwa mmoja, mwanzoni kabisa, angeambukiza watu wawili kabla ya kupona au kufa. Watu wakizidi kupatwa, wale awakutao mgonjwa huwa wengi wao wamekwisha kuguswa. Idadi ya ambao hawajapatwa ikishuka mpaka 500, mgonjwa yule angeambukiza mmoja tu, naye akitoka, ameacha mmoja mahali pake. Hapo ndipo kilele. Kutoka hapo mlipuko hushuka, ingawa wagonjwa walioko bado ni wengi na huendelea kuambukiza kwa muda. Hesabu ikifikishwa mwisho, hubaki watu 200 hivi ambao hawakuguswa kamwe. Maradhi yamekwisha na watu wa kuyapata bado wapo.

Kadiri hiyo ya 500 yaitwa kizingiti, na nafurahi kusema kuwa hapa Kiswahili hakikulazimika kutafuta. Kizingiti cha mlango ndicho kinachoamua nani yumo na nani yu nje. Mji ambao watu wake wawezao kupatwa ni wachache kuliko kizingiti huweza kuingiwa na mgonjwa, lakini mlipuko hauingii. Chanjo zote za kukinga umma zimesimama juu ya neno hilo.

Jambo moja zaidi, kwa ajili ya haki ya waandishi. Milinganyo ya mafungu matatu inayofundishwa leo si makala yote. Waandishi walianza na hali pana zaidi, ambamo nguvu ya kuambukiza ya mgonjwa hubadilika kwa kadiri ya siku alizougua. Mafungu matatu yenye mwendo usiobadilika ni hali moja rahisi ndani ya hali hiyo pana. Dunia imeshika iliyo rahisi ikaiita kwa jina la yote.

III

Makala yana mchoro mmoja mashuhuri. Ni wa vifo vya tauni katika kisiwa cha Bombay, tangu tarehe 17 Desemba 1905 hadi 21 Julai 1906, wiki kwa wiki. Juu ya alama za vifo umepitishwa mstari uliokokotolewa kwa nadharia, nao unapanda na kushuka kama kilima, ukikaribiana sana na alama. Kilele cha mstari huo ni vifo 890 kwa wiki, katika wiki ya 17. Mchoro huu umenakiliwa katika vitabu vingi vya kufundishia, na mwanafunzi auonapo huamini kuwa nadharia imeshuhudiwa.

Lakini tuusome mstari wenyewe. Ukijumlishwa wote, wafikia vifo 8,900 hivi. Bombay ya wakati ule ilikuwa na watu karibu milioni moja. Yaani waliokufa hawakufikia mtu mmoja katika kila mia. Itawezekanaje mlipuko uwe umekwisha kwa sababu watu wawezao kupatwa walipungua, hali watu 99 katika mia walikuwa bado hawajaguswa?

Jibu limo katika makala yenyewe, katika mistari michache chini ya mchoro. Waandishi wanasema kuwa tauni ya watu ni kivuli cha tauni ya panya. Mafungu wanayoyahesabu ni ya panya, na vifo vya watu vimewekwa kuwa alama yake. Kisha wanataja mambo matano waliyoyachukua kuwa kweli: kwamba panya wote walikuwa sawa katika kupatwa, kwamba kila mmoja alikuwa na bahati sawa ya kuambukizwa, kwamba mwendo wa kuambukiza, kupona na kufa haukubadilika muda wote wa ugonjwa, kwamba kila aliyeugua alikufa au alipata kinga, na kwamba viroboto walikuwa wengi hata maradhi yakawa kama yanapita kwa kugusana. Baada ya kuyataja wanakiri kuwa hakuna hata moja lililotimia barabara, na kuwa haifai kutoa katika mchoro ule thamani za tarakimu zake.

Huu ni unyofu wa kusifiwa. Kosa ni la waliofuata, walionakili kilima wakaacha maneno yaliyo chini yake. Mwaka 2012 mwanahisabati Nicolas Bacaër aliirudia hesabu ya Bombay, akakumbusha jambo ambalo mchoro wa mwaka mmoja hauwezi kulionyesha: tauni ilipoingia Bombay mwaka 1896 iliendelea kurudi mwaka baada ya mwaka, kwa majira yake. Kinachopanda na kushuka kila mwaka kwa majira hakiwezi kuelezwa kwa kupungua kwa mafungu peke yake. Lazima majira nayo yaingie katika hesabu. Sisi wa Afrika Mashariki, tulioiona tauni ya Lushoto ikizuka mwaka 1980 na kurudi mara nyingi katika miaka iliyofuata, hatuhitaji kuambiwa kuwa panya ana majira.

Hukumu yangu juu ya makala, basi, ni hii. Kama hoja, yana nguvu kubwa: yameonyesha kuwa mlipuko waweza kwisha na watu wa kuambukizwa wangalipo, wala haikubidi kijidudu kichoke. Kama ushahidi wa Bombay, ni dhaifu, na waandishi wenyewe walisema hivyo. Hoja na ushahidi ni vitu viwili. Na hapa ndipo maneno yetu yanapoingia.

IV

Nianze na jina la chombo chenyewe. Wengi siku hizi huandika "modeli", na wengine "kielelezo". Neno la pili ni zuri kwa sauti, lakini tukumbuke matumizi yake mahakamani. Kisu kilichookotwa, barua, nguo yenye damu, hivyo ni vielelezo. Vyaletwa mbele ya hakimu ili kuthibitisha. Tukiita hesabu hizi vielelezo tumezipa cheo cha ushahidi kabla hazijatoa ushahidi wowote. Mimi nachagua "mfano wa hesabu". Hapana Mswahili adhaniye kuwa mfano wa kitu ni kitu chenyewe. Ajuaye kusema "kwa mfano" ajua kuwa kesho mfano mwingine waweza kuletwa.

Pili, jina la vigawanyo. Nimeona vikiitwa "vyumba", na rafiki yangu mmoja alipendekeza "mabehewa", akifikiri gari moshi. Maneno yote mawili yana kuta. Mtu aliye chumbani hakutani na aliye chumba cha pili, na abiria wa behewa hili hamgusi wa behewa lile. Mfano wetu unasema kinyume chake kabisa: wa fungu la kwanza na wa fungu la pili hukutana mchana kutwa, sokoni, msikitini, kanisani, shuleni, katika daladala, harusini na msibani, na wasingekutana hakungekuwa na hesabu ya kufanya. "Fungu" halina kuta. Nyanya za fungu hili na za fungu lile zimelala juu ya gunia moja, na muuzaji akitaka huchukua moja huku akaiweka kule. Mgawanyo ni wa mhesabuji, si wa nyanya. Hivyo ndivyo ulivyo mgawanyo wa Kermack na McKendrick.

Lakini neno hilo zuri lina funzo la pili, ambalo ni uhakiki. Nyanya za fungu moja huuzwa kwa bei moja, kana kwamba zote ni sawa. Mfano nao huwahesabu hivyo: kila mtu wa fungu la kwanza ana bahati sawa ya kukutana na kila mgonjwa, kama punje zinazopepetwa katika ungo mmoja. Mama auguzaye, mtoto alalaye kitanda kimoja na mwenzake, na mvuvi akaaye baharini siku tatu, wote ni punje. Wataalamu wa leo wamejua hili nao hugawa mafungu kwa umri, kwa kazi na kwa mahali. Kadiri wanavyogawa ndivyo wanavyokiri kuwa fungu la mwanzo lilikuwa la bei ya pamoja.

Tatu, majina ya walio ndani. Hapa mnyambuliko wa vitenzi vyetu hutusaidia kuliko lugha nyingi. Kutokana na "ambukiza" twapata "waambukizika", yaani wawezao kuambukizwa, maana kiambishi -ik- chaonyesha kuwa jambo lawezekana bila kusema kuwa limetukia. Twapata pia "waambukizi", watendao. Kiambishi kimoja chatofautisha fungu la kwanza na la pili. Tujihadhari, hata hivyo, na "kuambukizana". Mnyambuliko wa -an- husema kuwa tendo lakwenda huku na huku, hali ambukizo hutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine wala halirudi. Kweli iliyomo katika "kuambukizana" ni moja tu: lazima wawe wawili. Hiyo ndiyo x kuzidishwa kwa y.

Kati ya mafungu haya mawili siku hizi huwekwa jingine, la wale waliokwisha kuambukizwa lakini hawajaanza kuambukiza. Baadhi yetu tumeazima neno la kuku, tukasema wako katika "kuatamia". Matabibu hulitumia neno hilo kwa muda wa tangu kuambukizwa hadi dalili kuonekana, na muda huo si sawa na muda wa tangu kuambukizwa hadi kuambukiza. Katika UVIKO-19 mtu aliweza kuambukiza kabla ya kukohoa hata mara moja. Tukitumia neno moja kwa mambo hayo mawili tutamwambia msomaji kuwa asiye na dalili hana hatari. Mimi huandika "wenye ambukizo lililolala", kama tusemavyo juu ya fedha iliyolala: ipo, bali haijaanza kazi.

V

Sasa fungu la tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Kermack na McKendrick waliandika bayana kuwa z ni waliotoka kwa kupona na kwa kufa. Wanafunzi wao wa baadaye waliacha x, y na z wakaweka herufi za mwanzo za maneno ya Kiingereza, na fungu la tatu likapata R. Herufi hiyo yaweza kusimama badala ya neno lenye maana ya kuondolewa, na yaweza pia kusimama badala ya neno lenye maana ya kupona. Mwandishi mmoja hulisoma hivi, na mwingine vile, na wote wawili wana mlinganyo mmoja. Kiingereza kimepata mahali pa kujificha. Kiswahili hakina mahali hapo. Mfasiri hulazimika kuchagua.

Mwaka 2020 niliombwa kufasiri karatasi moja fupi ya kuwaeleza watu wa kawaida namna hesabu za mlipuko zinavyofanywa. Nilifika fungu la tatu nikaandika "waliopona". Nilijua mlinganyo unasema nini, lakini niliona neno hilo ni jepesi, nalo lafariji. Kabla ya kuchapa, karatasi ilisomwa na mzee mmoja ambaye zamani alikuwa msahihishaji wa kiwanda cha uchapaji, mtu asiyekosa nukta. Aliirudisha ikiwa safi, ila kwa alama moja ya wino kando ya neno lile.

"Mwalimu," akaniambia, "mdogo wangu tulimzika mwezi uliopita. Humu nimtafute fungu gani?"

Nikamjibu kuwa ni fungu la tatu.

"Lakini hapa umeandika waliopona."

Sikuwa na jibu. Nilikata neno, na karatasi ikatoka na maneno mengine. Lakini swali lake nimekaa nalo mpaka leo, na naona ni uhakiki bora wa mfano huu kuliko mwingi niliousoma.

Mwanahisabati ataweza kusema kuwa mzee hakuelewa. Kwa mlinganyo, aliyepona na aliyekufa ni sawa, kwa sababu wote wawili hawaambukizi tena, na kwa hiyo kuwatenga hakubadilishi mwendo wa mlipuko. Nilikubali jibu hilo kwa muda. Kisha nikasoma juu ya Ebola. Katika maradhi hayo maiti bado huambukiza, na kuosha na kuzika ni katika njia kubwa za kuenea kwake. Wataalamu walioyahesabu upya milipuko ya Kongo ya mwaka 1995 na ya Uganda ya mwaka 2000 walilazimika kuongeza fungu la waliokufa ambao hawajazikwa. Aliyekufa hakuwa ametoka katika hesabu. Alikuwamo bado, na jamaa zake wamemzunguka. Upande wa pili, waliopona nao si wote waliotoka. Wako ambao kinga yao hupungua, wakarudi fungu la kwanza. Basi kumbe swali la mzee lilikuwa pia swali la hesabu. Neno lililowaweka wafu na wazima pamoja lilikuwa limebeba madai mawili, kwamba maiti haambukizi na kwamba aliyepona haugui tena, na yote mawili ni ya kuthibitishwa kwa kila maradhi peke yake.

Tuliite nini, basi? "Walioondolewa" halifai, kwa kuwa kitenzi cha kutendwa humfanya msikilizaji aulize ni nani aliyewaondoa. "Waliopona" ni uongo, na "waliokufa" pia ni uongo. Nimependekeza, na napendekeza tena hapa, "waliotoka". Lugha yetu husema "ametoka hospitali" kwa mgonjwa aliyepata nafuu akarudi kwake, na husema "ametutoka" kwa aliyefariki. Kitenzi ni kimoja, na milango ni miwili. Sijui neno jingine lililokuwa tayari hivi kabla ya kuhitajiwa. Lakini naongeza sharti: kila liandikwapo "waliotoka" katika jedwali au mchoro, chini yake pawe na safu mbili, waliopona na waliofariki, hata kama mlinganyo hauzihitaji. Jumla huombwa na mhesabuji, na mgawanyo huombwa na msomaji mwenye kaburi la kwenda kulizuru.

VI

Limebaki jambo la vitenzi, nalo ni la sarufi tupu. Mfano wa hesabu husema kwa -nge-. Husema: watu wangekutana hivi, na mwenendo wao usingebadilika, wangeugua wengi kiasi hiki. Habari itokayo katika mfano aghalabu husema kwa -ta-: wataugua wengi kiasi hiki. Tofauti ni silabi moja katikati ya kitenzi, na silabi hiyo yaweza kuvuruga mji mzima.

Machi 2020 wataalamu wa Imperial College London walitoa taarifa iliyosema kuwa lau pasingechukuliwa hatua yoyote, wala watu wasingebadili mwenendo wao, katika Uingereza wangekufa watu kama 510,000. Waliongeza wenyewe kuwa hali hiyo ya kutofanya lolote haielekei kutokea. Wengi waliisoma taarifa hiyo kwa -ta-. Hatua zilichukuliwa, na watu walibadili mwenendo. Kisha wakatokea wa kusema kuwa wataalamu walitabiri uongo. Hawakutabiri, walisema sentensi ya masharti, na sharti halikutimizwa. Mama amwambiaye mwanawe "ungeparamia mwembe huo ungeanguka" hakusema uongo ikiwa mtoto hakuparamia.

Kiswahili kimejaliwa vyombo vya kulinda maana hii, nasi tuvitumie kwa makusudi. Penye mlipuko uliokwisha pita, kama ule wa Bombay, tuseme kwa -ngali-: panya wote wangalikuwa sawa, vifo vingalifuata mstari huu. Penye mlipuko ambao bado twaweza kuuzuia, tuseme kwa -nge-. Penye sharti la kutazamiwa, tuseme kwa -ki-: idadi ikishuka chini ya kizingiti, mlipuko hupungua. Na juu ya hu- tuwe waangalifu zaidi, kwani msikilizaji husikia humo mazoea yaliyokwisha kuonekana: jua huchwa, maji hufuata mkondo. Asemaye "mlipuko huisha kabla ya waambukizika kwisha" ametoa jambo lililothibitishwa katika karatasi kana kwamba limeonwa vijijini. Mimi mwenyewe nimetumia hu- mara nyingi katika sehemu ya pili ya makala haya, na msomaji mkali atakuwa amenishika. Namwomba aongeze mbele ya kila moja ya sentensi hizo maneno matatu, "katika mfano huu", kama nilivyopaswa kufanya.

Kwa muhtasari, nayaleta mapendekezo haya mbele ya wasomaji wa jarida hili: mfano wa hesabu, badala ya kielelezo, mafungu, badala ya vyumba au mabehewa, waambukizika, wenye ambukizo lililolala, waambukizi na waliotoka, na hawa wa mwisho wakigawanywa daima kuwa waliopona na waliofariki, kizingiti, kama kilivyo, na matumizi ya -nge-, -ngali- na -ki- yatakayochungwa kama zichungwavyo tarakimu zenyewe. Sidai kuwa maneno yote ni mazuri. "Wenye ambukizo lililolala" ni refu, na mwenye neno fupi lisilompoteza msomaji nitampokea kwa shukrani. Najua pia kuwa watu wa Unguja na Pemba, wa Mombasa, na wa Lubumbashi wana maneno yao ya maradhi ambayo sisi wa vyuoni hatujayasikiliza vya kutosha, na yafaa yakusanywe kabla ya orodha yoyote kupigwa muhuri.

Lakini juu ya fungu la tatu sitalegeza. Yule mzee msahihishaji ameiweka karatasi ile yenye alama ya wino, nami nimemwahidi kumpelekea makala haya yakichapishwa, ayasome kwa kalamu mkononi.